Majani ya Ludenyi

Januari huku Chavakali haina huruma.
Mvua imefunga virago tangu Krismasi,
na mgrevilea wa Ludenyi, ng'ambo ya ua la michongoma,
unajivua nguo usiku kucha
na kuzitupa kwangu.

Si majani mapana ya kuokota moja moja.
Ni kama manyoya ya ndege asiyejulikana,
mgongo shaba, tumbo fedha,
mepesi, makavu, yenye kelele.
Yanaingia sufuriani, kwenye mifereji ya bati,
kwenye nywele za mjukuu,
na mara moja kwenye uji wa mgeni wa kanisa,
aliyekunywa akanyamaza, Mungu ambariki.

Nilifagia. Miaka kumi na minne nilifagia,
ufagio wa njukuti mkono wa kulia,
wa kushoto umeshika kiuno,
na mdomo haukupumzika.
Wee Ludenyi! Mti wako hauna adabu!
Naye toka ng'ambo: Ufunze basi, si ulikuwa mwalimu?

Nikampeleka kwa naibu wa chifu.
Nilidai mti ung'olewe, upandwe mwingine
hatua kumi kutoka uani.
Naibu akakuna shingo kwa kalamu, akasema:
mti ni wa Ludenyi, kivuli ni chenu nyote,
majani ni ya upepo,
na upepo haujaitikia wito wangu.
Watu walicheka.
Na nauli ya kwenda kuaibishwa nilijilipia mwenyewe.

Mwaka ule nikayachoma.
Lundo la kufika kifuani, njiti moja.
Moshi ukainama, ukapita chini ya michongoma
kama mwizi anayeijua njia,
na usiku kucha nikamsikia mtoto wa binti yake
akikohoa, akinyamaza, akikohoa.
Asubuhi Ludenyi hakunitukana.
Nilimngoja anitukane.

Basi nikayatandika zizini, kwa kukosa pa kuyapeleka.
Ng'ombe wangu, Jumatatu, akayalalia,
akayakojolea, akayakanyaga hadi yakawa meusi,
nami nikayabeba kwa karai mpaka shimo la migomba.
Mwaka uliofuata mkungu mmoja ulitaka vijana wawili.
Walioniuliza siri niliwaambia: mbegu.
Na kila alfajiri niliendelea kupiga makelele,
asije akajua
kwamba ananilisha.

Kisha figo. Kisha Kisumu mara mbili kwa wiki.
Kisha wanunuzi wa mbao na msumeno wa petroli.
Ulianguka saa nne asubuhi, nikichambua mrenda.
Ardhi iliruka, ungo ukanitoka mapajani.
Nilipoinua macho, mbingu ilikuwa pana mno
juu ya paa langu,
kama chumba kilichohamwa.

Januari hii nimeamka na ufagio.
Uwanja safi.
Nimesimama katikati kama mtu
aliyesahau alichoendea sokoni,
na Jumatatu, amelala juu ya samadi yake mbichi,
ananitazama kama mdeni.

Ndipo nikauona, nyuma ya jiko,
pale ninapomwaga maji ya vyombo:
mche, urefu wa kidole,
manyoya manne, la tano limejikunja.
Nikauchimbua kwa kijiko, na udongo wake,
nikautia kwenye mkebe wa Kimbo,
nikazungukia barabarani,
maana miaka yote ile michongoma haikuwahi kuwekwa mlango.

Ludenyi alikuwa anaota jua, blanketi mabegani,
mkono umebaki mfupa na saa.
Akautazama mkebe. Akanitazama mimi.
"Umekuja kunirudishia taka zangu?"
"Ndiyo. Jembe liko wapi?"

Akainuka, akashika ukuta, akapima kwa macho.
"Hatua kumi kutoka uani, mwalimu.
Ulivyodai kwa naibu."
"Mbili," nikasema.
"Tano."

Nilikuwa nimeshaanza kuchimba.